Kumi na Saba kati ya Arobaini

Mzee Melkiadi alipata alama kumi na saba kati ya arobaini, na habari hiyo ilimfikia kabla hajakabidhi kipaza sauti. Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Julai, mwaka 2015, kwenye uwanja ulio nyuma ya soko la Kibondo. Wagombea wawili wa udiwani walikuwa wakijinadi mbele ya wanachama wenzao, ili mmoja ateuliwe kwa kura za maoni Jumamosi iliyofuata. Melkiadi, mfanyabiashara wa asali, alizungumza kwa dakika ishirini na mbili, baada ya mpinzani wake, katekista Tharsisi. Kando ya ukuta wanafunzi wa kidato cha tatu walisimama na madaftari, wakichora vijiti vinne vinne, kila cha tano kikivikata vilivyotangulia.

Vijiti hivyo vilikuwa kazi ya somo la Kiswahili, mada ya hotuba. Mwalimu Lusajo, mtu wa Rungwe aliyekuwa na mwaka wa nne Kibondo, alikuwa amechoka kufundisha mbinu za ushawishi kwa hotuba za kitabuni ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia zikisemwa. Akawachorea wanafunzi jedwali la mbinu nane: takriri, swali la balagha, tashbihi, sitiari, ukinzani, utatu, chuku na nidaa. Kila mbinu alama tano. Kisha akawapeleka uwanjani wakahesabu.

Watu wazima wengi wa mji ule walikuwa wameviona vijiti vya namna hiyo mahali pamoja tu, kwenye chumba cha kuhesabia kura. Mama mmoja muuza ndizi alichungulia daftari la msichana aliyeitwa Yusta, akaona majina mawili na tarakimu mbili. Habari ilivuka uwanja kwa mwendo ambao hakuna mgombea aliyewahi kuahidi kwa barabara yoyote: kura zimeshahesabiwa, Tharsisi thelathini na moja, Melkiadi kumi na saba. Swali la namna gani kura zihesabiwe wiki moja kabla hazijapigwa halikuulizwa na mtu. Huenda lilionekana la kitoto.

Jambo lililoulizwa ni nani aliyewatuma wale wanafunzi. Jibu lilijulikana na kila mtu. Aliyewatuma ni mkwe wa Melkiadi, mume wa binti yake Immakulata.

* * *

Melkiadi alifika nyumbani kwa mkwe wake saa kumi alasiri, akasimama uani na hakukubali kiti.

"Odilia!" aliita. "Funga mzigo."

Odilia, mke wake, alikuwa katika nyumba ile kwa mwezi wa tano, akimlea mjukuu wao Atupele ili Immakulata amalize chuo cha uuguzi mjini Kasulu. Kwa kuwa ni mama mkwe, yeye na Lusajo hawakutazamana usoni wala kusemezana. Kila walichohitaji kuambizana kilipitia kwa mtoto wa miezi kumi na minne, ambaye hakuwahi kulalamikia kazi hiyo.

"Mzigo wa nini?" Odilia aliuliza.

"Wa kwako. Hatulei mtoto wa mtu anayetuhesabia kura."

Immakulata alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako anaondoka."

"Baba, mitihani yangu ya mwisho inaanza Jumatatu. Ni wiki mbili. Mtoto atabaki na nani?"

"Muulize mumeo. Si ndiye mtu wa hesabu? Na asiletwe kwangu kwa mlango wa nyuma."

Lusajo alikuwa amefundisha ushawishi kwa miaka tisa. Alitafuta sentensi moja, akapata nusu. "Baba, zile si kura. Ni alama."

"Za nini?"

"Za hotuba."

"Kwa hiyo mmenipima."

"Tumepima mbinu, baba."

"Mimi nilikupa mtoto wangu bila kukupima."

Hilo halikuwa kweli. Alimpima kwa miezi minane na ng'ombe wanne. Hata hivyo sentensi ilikuwa na ukinzani safi, na Lusajo, kwa mazoea ya kazi, aliutambua wakati ukimchoma.

Odilia alitoka na kitenge kilichofungwa vizuri kupita kiasi kwa mtu aliyeshtukizwa. Akamwinamia mjukuu. "Atupele, mwambie baba yako uji uko kwenye chupa ya bluu. Na mwambie ukilia usiku hutaki kuimbiwa, unataka kugeuzwa upande." Kisha akamfuata mumewe, hatua tatu nyuma yake, akigeuka kila baada ya hatua ya nne.

* * *

"Nikikosa mtihani narudia mwaka," alisema Immakulata.

"Hukosi. Panda gari kesho. Mimi nitabaki naye."

"Wapi? Unafundisha vipindi ishirini na nne kwa wiki."

"Nitakapokuwa ndipo atakapokuwa."

Immakulata alishusha kitenge kwenye kamba. "Unajua kumfunga mgongoni?"

"Nimeona ukimfunga mwaka mzima."

"Hata mimi nimekuona ukifundisha balagha mwaka mzima," alijibu, "na leo hukuniombea mama yangu hata kwa sentensi moja." Ndipo walipocheka wote wawili, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Jioni ile ilitumika kwa mafunzo ya kitenge. Mwanafunzi alifeli mara tatu, akafaulu mara ya nne, na mtoto akakubali matokeo.

Jumatatu asubuhi Lusajo alipita bombani akiwa na Atupele mgongoni na madaftari kifuani. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji waliweka ndoo chini ili wacheke kwa nafasi.

"Mwakeye, Mama Atupele!" mmoja alimsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye," aliitikia, na hakupunguza mwendo.

"Jamani, kafunga juu mno! Huyo mtoto anafundishwa kuona Burundi."

Darasani mambo hayakuwa tofauti sana. Wanafunzi walisimama, wakaamkia, na wakaendelea kusimama ili wamwone mtoto. Lusajo aliandika ubaoni "Hotuba: masahihisho" na kuuliza kama kuna swali. Yusta alinyoosha mkono. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, binti wa fundi baiskeli, mwenye tabia ya kuamini kwamba maswali huulizwa ili yajibiwe.

"Mwalimu, Mzee Melkiadi alisema 'yaani' mara hamsini na nne. Nilihesabu. Hiyo si takriri? Mbona ulinifutia alama zake?"

"Takriri ni neno linalorudiwa kwa makusudi. Lile lilirudiwa kwa kukosa makusudi."

"Msikilizaji atajuaje?"

Lusajo alifikiri. "Likiondolewa, hotuba ikafa, ni takriri. Likiondolewa, hotuba ikapona, ni 'yaani'."

"Mwalimu, punguza sauti," alisema mtu wa nyuma, "mtoto kalala."

Kipindi kizima cha hotuba, chenye mifano ya nidaa ndani yake, kiliendeshwa kwa kunong'ona. Wanafunzi walikiri baadaye kwamba hawajawahi kusikiliza kwa makini kiasi kile.

Mkuu wa shule, Mwalimu Asnath, alivumilia siku mbili. Jumatano mchana alimwita ofisini.

"Mwalimu Lusajo, nina watoto watano. Sijawahi kumleta hata mmoja kazini."

"Ulikuwa na dada wa kazi, madam."

"Nilikuwa na akili. Leo amekula chaki."

"Kipande kidogo."

"Ni mali ya serikali." Asnath hakutabasamu, na si rahisi kusema kama alitakiwa kutabasamu. "Ijumaa iwe mwisho. Baada ya hapo uombe likizo bila malipo, au umwite mama yake."

Likizo bila malipo ilimaanisha Immakulata akose ada iliyobaki. Kumwita kulimaanisha arudie mwaka mzima. Lusajo alirudi darasani, akamtazama Yusta aliyekuwa akipiga mstari kwa rula, akasema, "Chukua daftari lako. Baada ya saa za shule tunakwenda kuomba msamaha."

"Kwani nimekosa nini, mwalimu?"

"Hujakosa. Ndiyo maana ni vigumu."

* * *

Wiki ile Melkiadi alikuwa akijifunza maana ya umaarufu. Alipokwenda dukani kwa Saidi kununua sukari, Saidi, ambaye alikuwa mpole na hakuwa na nia mbaya, alimkaribisha kwa kusema, "Karibu Kumi na Saba." Mafundi cherehani barazani waliinamia nguo zao. Kwenye kilabu cha pombe ya ndizi mtu alimsogezea kiti, akasema kimebaki kimoja, cha kumi na saba. Watu hawakumchukia. Walikuwa tu wamepata jina linalokaa vizuri mdomoni, jambo ambalo huwashinda nguvu hata watu wema.

Lusajo na Yusta walimkuta uani, pembezoni mwa mji, akichuja asali. Atupele alikuwa mgongoni. Melkiadi hakumtazama mjukuu, lakini hakumtazama kwa bidii kubwa.

"Baba, nimekuja kuomba radhi," alisema Lusajo. "Ningekwambia mapema kwamba wanafunzi watakuja kuhesabu. Nilikosa. Na huyu ni Yusta. Kazi ilikuwa yake."

"Hizi ndizo kura?" Melkiadi alipokea daftari, akavaa miwani.

"Ni alama, babu," alisema Yusta. "Mbinu nane, tano tano. Tazama: takriri moja. Swali la balagha mbili. Tashbihi tatu, sitiari mbili, ukinzani moja. Utatu huna. Nidaa tatu. Chuku umepata zote tano."

"Chuku ni nini?"

"Kukuza jambo kupita kiasi. Uliahidi lami mpaka kwenye mizinga."

Melkiadi alipitisha kidole juu ya kila safu, akajumlisha upya, akapata kumi na saba. Alijumlisha za Tharsisi kwa matumaini ya kukuta kosa. Zilikuwa thelathini na moja. Hapo ndipo hasira yake ilipohama, na yeyote aliyekuwepo angeweza kuiona ikihama. Alikuwa amekasirikia kuibiwa kura. Sasa aligundua kwamba hakuibiwa kitu, na hilo lilimuuma zaidi.

"Huu utatu, Tharsisi kapata tano. Ni kwa sababu yeye ni katekista?"

"Hapana, babu. Ni kusema mambo matatu kwa mpigo. Yeye alisema, 'Nimewafundisha, nimewaoza, nimewazika.' Watu walipiga makofi."

"Nilisikia. Nilidhani wanamshangilia yeye." Alivua miwani. "Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Kwa hiyo nimeizidi miaka yako kwa alama moja." Nyuki mmoja alizunguka chujio. "Ni mtihani gani usiorudiwa?"

Lusajo alifungua mdomo, lakini Yusta alitangulia. "Umeona, babu? Hilo ni swali la balagha. Kumbe unaweza."

Kutoka mlangoni kilisikika kicheko ambacho Odilia alikigeuza haraka kuwa kikohozi. Melkiadi alijitahidi kubaki mkali. "Jumamosi ninazungumza tena kabla ya kura. Huyu binti ndiye atasahihisha, si wewe, maana wewe ni ndugu. Nikipata thelathini, mama yenu atarudi kumlea mtoto. Nikipungukiwa, kila mtu abaki kwake."

"Basi ujifunze upesi, mzee," alisema Odilia kutoka ndani. "Mimi huyo mtoto nimemkumbuka, na Tharsisi si sababu ya kuninyima mjukuu."

* * *

Alhamisi asubuhi Melkiadi aliingia kidato cha tatu akiwa amevaa koti. Wanafunzi walisimama na kumwamkia kwa sauti moja, akaridhika. Aliketi dawati la nyuma, ambalo magoti yake yalikataa kuingia, hivyo akakaa upande, miguu njiani. Dakika ya kumi Atupele alianza kulia mgongoni kwa baba yake, akanyoosha mikono kuelekea lile koti. Hakukuwa na namna ya kukataa mbele ya mashahidi arobaini. Babu alimpokea, akampakata, na somo likaendelea kwa sauti ya kawaida.

Lusajo alimwachia Yusta ubao. Alitambua kwamba Melkiadi angeweza kufundishwa na mtoto wa fundi baiskeli, kwa kuwa hilo lilikuwa mchezo, lakini si na mkwe wake, kwa kuwa hilo lingekuwa aibu.

"Babu, swali la balagha halijibiwi."

"Sasa niulize kwa nini?"

"Ili wajijibu wenyewe moyoni."

"Mimi nikimuuliza mke wangu swali la namna hiyo, hujibu."

Darasa liliangua kicheko. "Hapo umeuliza vibaya," alisema Yusta, bila huruma. "Ungemuuliza lenye jibu moja tu."

Walimfanyia kazi siku mbili. Walimkataza kuahidi lami. Walimuuliza jambo moja analolijua kuliko Tharsisi, akasema maji, kwa sababu asali humfikisha kwenye kila chemchemi ya kata na anajua ipi imekauka. Kila alipotamka "yaani" darasa zima liligonga madawati mara moja. Alhamisi madawati yaligongwa mara thelathini na tisa, Ijumaa mara sita. Atupele alijifunza kugonga pia, na aligonga hata pasipokuwa na kosa.

Mwalimu Asnath alipita dirishani Ijumaa saa nne, akaona mgombea udiwani akimpakata mtoto na kuhojiwa na wanafunzi kuhusu sitiari. Alisimama pale muda mrefu kuliko ulivyohitajika kwa ukaguzi.

"Hizi si siasa shuleni?" alimuuliza Lusajo mlangoni.

"Hajataja chama tangu jana, madam. Wamemwambia hakina alama."

* * *

Jumamosi uwanja ulijaa. Tharsisi alizungumza kwanza, vizuri kama kawaida, akapata thelathini na moja tena, kwa kuwa aliirudia hotuba ileile. Kisha Melkiadi akapanda. Yusta alikaa kwenye jiwe mbele, kalamu tayari. Nyuma yake alisimama Odilia, na kichwani mwa Odilia kulikuwa na mzigo uliofungwa kwa kitenge.

"Mmekuja mnatembea," alianza Melkiadi. "Mtarudi mnatembea. Asubuhi binti zenu watakwenda kisimani wakitembea. Tutatembea mpaka lini?"

Uwanja ukatulia. Yusta alichora.

"Bomba moja. Mitaa mitatu. Ndoo mia nne. Mnajua hesabu hiyo kuliko mimi, maana ninyi ndio mnaoibeba. Mimi si msemaji. Msemaji ni bomba lenye hewa: linanguruma, na ndoo inabaki tupu. Mimi ni mtu wa mizinga. Mtu wa mizinga hajui kupiga kelele, anajua kungoja, na anajua maji yako wapi. Yaani..."

Aliganda. Ukutani hapakuwa na dawati la kugonga, lakini wanafunzi arobaini waligonga madaftari yao kwa pamoja, na uwanja mzima, bila kujua sababu, ukacheka na kushangilia. Melkiadi mwenyewe alicheka, akaufuta uso, akaendelea. Baada ya hapo alikuwa kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Aliwaita, akawauliza, akawapa tatu tatu. "Yaani" ya pili ilimponyoka karibu na mwisho, nayo ikashangiliwa kuliko ya kwanza.

Odilia hakuingoja. Alikuwa akivihesabu vijiti juu ya bega la Yusta, na kilipochorwa cha thelathini aliondoka. Lusajo alikuwa kwenye kivuli cha ukuta na mtoto mgongoni. Mama mkwe alimjia kwa nyuma, ili heshima isivunjwe, akafungua fundo, akamchukua mjukuu na kitenge chake, na alipogeuka mwalimu aliona mgongo tu, ukielekea nyumbani kwake kwa haraka, na mikono miwili midogo iliyokuwa ikigonga bega la bibi.

Kura zilihesabiwa kabla ya saa kumi. Melkiadi hakusogea karibu na meza. Alikuwa amesimama mbele ya jiwe la Yusta.

"Ngapi?"

"Mia moja arobaini na tatu za Tharsisi, tisini na sita zako," alisema karani kutoka mezani, kwa sauti ya pole.

"Sikukuuliza wewe."

Yusta alijumlisha mara ya pili, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. "Thelathini na sita, babu."

Inafaa kusemwa wazi, kwa faida ya wanaoamini nguvu ya maneno, kwamba hotuba bora zaidi iliyosikika katika uwanja ule ilishindwa kwa kura arobaini na saba. Tharsisi alikuwa amewazika wazazi wa nusu ya wapiga kura, na hakuna mbinu ya tisa inayofidia hilo. Lakini aliyemwona Melkiadi akivuka soko jioni ile, akiwa na ukurasa uliochanwa daftarini, akiuonyesha mbele ya kila duka, hakuweza kudhani kwamba ameshindwa. Saidi aliusoma wote, akasimama nyuma ya kaunta, akasema, "Karibu Thelathini na Sita." Akakataa kupokea pesa ya sukari.

Immakulata alipiga simu kutoka Kasulu. "Baba ameshinda?"

"Amepata thelathini na sita."

"Kura?"

"Alama. Mama yuko hapa na mtoto. Soma."

Upande wa pili kilisikika kicheko kirefu kilichowafanya wenzake bwenini waulize kuna nini.

* * *

Katika chama aliyeshindwa ana siku chache za kukata rufaa, na watu walimtazamia Melkiadi akate. Hawakukosea. Jumatatu asubuhi alifika na bahasha, akapita ofisi ya chama bila kugeuza shingo, akaenda shuleni. Rufaa yake ilikuwa kurasa mbili na ilihusu alama nne zilizopotea. Alidai kwamba alama mbili alizokatwa kwenye chuku ni uonevu, kwa kuwa wao wenyewe ndio waliomkataza lami. Alidai pia kwamba zile "yaani" mbili zilizonyimwa alama za takriri zilishangiliwa, na kwamba neno linaloshangiliwa haliwezi kuwa kosa.

Yusta aliisoma akiwa amesimama, darasa likisubiri. Hoja ya kwanza aliikataa. Ya pili aliifikiria muda mrefu, akamtazama mwalimu, na mwalimu akatazama dirishani.

"Likiondolewa, hotuba ingepona?" alijiuliza kwa sauti. "Ingepona. Lakini isingechekesha." Akafuta, akaandika thelathini na nane.

Melkiadi aliupokea ukurasa kwa mikono miwili na kuuliza mada inayofuata ni ipi. Aliambiwa ni uandishi wa barua rasmi. Alikaa dawatini, akaweka miguu njiani, na kusema kwamba hiyo ataihitaji, kwa kuwa rufaa yake, kama Yusta alivyokwisha kuonyesha kwa duara jekundu, haikuwa na tarehe.